Mita Sita na Nusu

Mwatum alipima mara tatu, kwa sababu alijua wenzake wataanza kwa kumwambia amekosea. Mara ya kwanza alishika utepe peke yake na kukandamiza ncha yake kwa jiwe. Mara ya pili na ya tatu alishikiwa na mlinzi wa kiwanda, Mzee Mwinyijuma, ambaye alikuwa ameacha redio yake ikiongea pale getini. Kutoka ukingo wa lami hadi kwenye tangi la maji la zege zilikuwa mita sita na nusu. Baada ya tangi ulianza mtaro, kina chake kikifika magotini, nao ulifuatana na barabara hadi kwenye minazi.

"Kwani mnataka kulihamisha?" aliuliza Mzee Mwinyijuma.

"Hapana, Mzee wangu. Wanataka kulipita kwa kilomita mia na ishirini kwa saa."

Mzee akalitazama tangi, kisha akaitazama barabara iliyonyooka kutoka getini mpaka pale kwenye kona. Aliukunja utepe vizuri, akampa.

Kiwanda kile cha mkonge, mbele kidogo ya Tongoni, kilikuwa kimefungwa miaka mingi. Barabara yake ya ndani ilibaki na lami nzuri, ikizunguka majengo yote na kurudi getini, karibu kilomita mbili. Ndiyo maana klabu yao ya magari iliipenda. Klabu ilikuwa na watu thelathini na kitu, wote wa Tanga: walimu, wenye maduka ya vipuri, makarani wa bandarini, daktari wa meno mmoja. Hakuna aliyekuwa dereva wa mashindano. Walikuwa na magari yao ya kwendea kazini na sokoni, na hamu ya kuyakimbiza siku moja kwa mwaka mahali pasipo na bodaboda wala mbuzi.

Na aliyelileta wazo hilo alikuwa Mwatum mwenyewe. Watu walisahau upesi. Alikuwa na miaka arobaini na mmoja, mzaliwa wa Ngamiani, wazazi wake wa Wete. Alikuwa muuguzi wa chumba cha majeruhi na alikuwa na Subaru ya buluu aliyoifungua injini kwa mikono yake mwenyewe mara mbili. Wanachama wawili walipolazwa wodini kwake wiki moja kwa kushindana kwenye barabara ya Segera, aliwaambia wenzake: tutafute uwanja wetu, tukimbie kwa amani, tuache kuwatisha watu barabarani. Wakakubali. Wakampa cheo cha afisa usalama, kwa kuwa ni muuguzi, na kwa kuwa walidhani kazi yenyewe ni kubeba sanduku la dawa.

*

Kikao kilifanyika dukani kwa mwenyekiti. Zebedayo aliuza matairi, na wanachama walikaa juu ya matairi mapya yaliyopangwa kama vigoda. Alikuwa mtu wa Lushoto, mwenye sauti ya kwaya na mkono mwepesi wa kusaidia. Hakuna mwanachama ambaye hakuwahi kuvutwa na gari lake barabarani. Ukutani alikuwa ameshabandika tangazo la siku ya mbio, lenye picha ya gari likifuka moshi.

Mwatum alisimama, akasoma vipimo vyake. Tangi. Mtaro. Minazi kumi na minne iliyo karibu na lami. Geti moja tu, kwa hiyo gari la wagonjwa likihitajika litapishana na magari yanayokimbia.

"Uwanja salama haupimwi kwa uzuri wa lami," alisema. "Unapimwa kwa kule gari linakokwenda likikushinda. Pale kwenye kona ya tangi likikushinda, huna pa kwenda."

"Tutaweka matairi mbele ya tangi," alisema Zebedayo. "Matairi ninayo."

"Na mbele ya mtaro wote? Na minazi?"

"Sista, tutawaambia watu wapunguze mwendo."

"Mmewaita watu kutoka Arusha na Mombasa waje kukimbia, halafu mtawaambia wapunguze mwendo?"

Watu wakacheka, na kicheko kile kilimchoma Zebedayo. Aliweka chini karatasi aliyokuwa nayo.

"Mimi naona una woga, dada yangu. Si kosa. Kule kazini kwako unaona mabaya kila siku, yamekuingia. Lakini kazi yako hapa ni bandeji. Uwanja tumeshauchagua. Weka sahihi yako kwenye fomu ya kibali, tuendelee."

"Siweki."

"Wageni wameshajibu. Tangazo limeshatoka."

"Limetoka kabla sijapima. Siweki."

Zebedayo akageuka kwa kijana wa miaka thelathini aliyekaa karibu na mlango. "Massoud, wewe ni makamu wake. Fomu inaruhusu makamu kuweka sahihi. Utatusaidia?"

Massoud alikuwa mdogo wake Mwatum, baba mmoja mama mmoja. Alitazama sakafu.

"Nitaisoma kwanza, mwenyekiti," alisema.

*

Alimfuata dada yake nyumbani alasiri ile. Mwatum alikuwa jikoni akikuna nazi, na Massoud akasimama mlangoni bila kuvua viatu, dalili kwamba hakukusudia kukaa.

"Umeniaibisha, dada."

"Nimekuaibisha vipi?"

"Wewe ndiye uliyenifundisha kuendesha. Nimengoja siku hii mwaka mzima. Nimebadilisha breki, nimenunua helmeti. Sasa kila mtu ananiuliza kama dada yangu ananikataza."

"Sikukatazi kukimbia. Nakataa kona."

"Mimi nitaipita ile kona."

"Mara ya kwanza utaipita. Mara ya pili pia. Siku nzima, Massoud, raundi thelathini, breki zimechemka, jua limekupiga kichwani, na nyuma yako kuna mtu wa Arusha anakusukuma. Hapo?"

Massoud alizungusha funguo za gari kidoleni.

"Usiweke sahihi mpaka Jumamosi ipite," alisema Mwatum. "Nipe asubuhi moja tu. Jumamosi jioni kama bado unataka, weka, na mimi sitakusemesha tena habari hiyo."

"Wallahi?"

"Wallahi."

*

Nje ya Pongwe kulikuwa na maegesho ya malori yaliyokwisha kujengwa lakini hayajaanza kutumika: lami tupu, mita mia tatu kwa mia mbili, bila nguzo wala mti, na pembeni majani matupu hadi kwenye wigo wa waya. Mwatum aliomba ruhusa kwa msimamizi wa maegesho, akanunua mfuko wa chokaa, akaenda saa kumi na mbili asubuhi pamoja na Ritha, katibu wa klabu. Walichora kona ya kiwandani vilevile ilivyo, upana uleule, mzingo uleule. Mahali pa mtaro wakachora mstari mnene. Mahali pa tangi, mita sita na nusu kutoka ukingoni, wakapanga maboksi matupu ya televisheni aliyoyaomba madukani, moja juu ya jingine, hadi kimo cha mtu.

Saa mbili walikuja madereva tisa. Zebedayo alikuja na Crown yake, akashuka akitabasamu kama mtu aliyealikwa kwenye mchezo wa watoto.

"Kila mtu raundi kumi," alisema Mwatum. "Hapa hakuna urefu wa kutosha, kwa hiyo mtaifikia kona mkiwa na themanini tu. Kule mtakuwa na mia na ishirini. Nimewapunguzia."

Alianza yeye. Alivaa helmeti juu ya hijabu yake, akafunga mkanda, na ile Subaru ikaondoka kwa sauti iliyowafanya waliokuwa wakiongea wanyamaze. Raundi saba aliipita kona akiwa amekaa ndani ya mistari kama aliyefungwa kwenye reli. Ya nane matairi yalianza kulia. Ya tisa gari lilitoka nje ya ukingo, likasota, likasimama limekanyaga mstari wa mtaro.

Alishuka, akavua helmeti. Uso ulikuwa umelowa jasho.

"Mmeona," alisema. "Huyo ni mimi, na kona nimeichora mwenyewe."

Hakuna aliyecheka. Wakaendelea, mmoja mmoja. Daktari wa meno alipita salama raundi zote kwa kuwa aliendesha kama anayekwenda msibani. Karani wa bandari alikata mstari mara mbili. Wengine walipita kwa bahati, na wenyewe walijua.

Massoud aliingia wa saba. Altezza yake ilikuwa nyepesi na alikuwa na haraka. Raundi ya sita alichelewa kukanyaga breki, pengine kwa nukta moja tu. Pua ya gari iligoma kugeuka. Likaenda moja kwa moja, kimya kimya, bila fujo, likayapiga maboksi katikati. Yaliruka juu, moja likaangukia kioo cha mbele likaganda hapo.

Gari lilisimama mbali sana, kule kwenye lami tupu. Massoud hakushuka upesi. Mwatum alitembea kwenda kwake, hakukimbia. Alimkuta ameshika usukani kwa mikono miwili, akilitazama boksi lililoziba kioo chote.

"Sikuona kitu," alisema Massoud. "Dada, nilikuwa najua nimeshaipita."

Mwatum aliliondoa boksi. Alitaka kumshika bega, lakini watu walikuwa wanatazama, na alijua mdogo wake asingependa.

Zebedayo aliingia wa mwisho. Hakumaliza: raundi ya tano alivuka mstari wa mtaro kwa magurudumu yote manne. Alishuka akifuta paji la uso.

"Maboksi si tangi," alisema. "Mtu akijua ni tangi atakuwa mwangalifu."

"Mwenyekiti," alisema Massoud kutoka nyuma, "mimi sitaweka sahihi."

"Basi nitamtafuta mwingine."

"Mtafute," alisema Mwatum. "Lakini Jumatatu asubuhi vipimo na picha nitavipeleka kwa mwenye kiwanda, na kwenye ofisi inayotoa kibali. Nakwambia mbele ya watu ili usiseme nimekuzunguka."

"Utaivunja klabu, Sista! Unaelewa? Wageni watatucheka, watu watatoka, na hakuna atakayekusamehe."

"Ivunjike. Klabu nitaijenga tena na wawili watatu. Kuna vitu nimeshaviona vikiletwa kwangu kwa machela, na havijengeki."

*

Jumatatu alipeleka. Kufikia Alhamisi mwenye kiwanda alikuwa ameondoa ruhusa yake, na Zebedayo akatangaza kujiuzulu kwenye kundi la simu kwa ujumbe mrefu usiotaja jina la mtu. Wanachama kumi na sita walimfuata. Mmoja aliandika kwamba ukimpa mwanamke gari la mbio atalifanya la wagonjwa. Ritha alitaka kumjibu. Mwatum akamwambia amwache. Kwa wiki mbili alipita mbele ya duka la matairi akisalimiwa na watu waliokuwa wanamwita mwenzao, na sasa walimsalimia kama wanavyomsalimia ofisa wa serikali. Iliuma. Nyumbani aliosha gari ambalo halikuwa chafu.

Lakini hakurudi nyuma. Alipata kibali cha maegesho yale ya Pongwe. Alipanga njia kwa koni, kona za taratibu, na kila upande aliacha nafasi ya gari kupotea na kusimama. Gari la wagonjwa liliegeshwa kwenye geti lake peke yake, na hakuna aliyeruhusiwa kusimama karibu na njia, hata jamaa wa madereva. Spidi haikuzidi tisini. Wageni wa Arusha hawakuja. Wa Mombasa walikuja wawili.

Magari kumi na moja yalikimbia asubuhi ile. Kabla ya saa nne daktari wa meno, aliyekuwa amepata ujasiri ghafla, aliingia kona kwa nguvu, gari lake dogo likazunguka mara mbili na nusu, likateleza hadi kwenye majani, likazimika. Watu wote wakanyanyuka. Mlango ukafunguka. Daktari akatoka, akajipapasa kifua, akatazama pande zote akakuta hakuna kitu cha kugonga, kisha akapiga kelele kwa furaha kama aliyefunga goli. Waliokuwa wamekuja kwa shingo upande walimpigia makofi.

Zebedayo alifika saa tano. Aliiingiza Crown yake kwenye mstari wa ukaguzi bila kumwambia mtu neno, akashusha kioo.

"Nafasi ipo?"

"Ipo, kaka. Karibu." Mwatum alizunguka gari, akachuchumaa kwenye gurudumu la nyuma la kushoto, akapitisha kidole. "Tairi hili limekwisha. Huingii nalo."

"Sista! Mimi?"

"Wewe. Duka si lako? Nenda ukabadilishe, tutafunga saa nane."

Ritha, aliyeshika orodha, aliangalia pembeni. Mwishowe Zebedayo akapandisha kioo, akageuza gari, akatoka getini na vumbi lake.

Mwatum hakusimama kuangalia ameelekea upande gani. Zamu yake ilikuwa imefika. Massoud alimfungia kamba ya helmeti, akaivuta kuhakikisha, akagonga paa la Subaru mara mbili. Mwatum aliweka gia ya kwanza, akasubiri bendera ishuke, na iliposhuka akakanyaga mafuta hadi mwisho.