Mbuzi Aliyetoka Mbooni

Mutindi alipoletwa kwetu Migwani kama mke wa mwanangu Kivuva, alikuja na sanduku moja la nguo na jingine la vitabu, na lile la vitabu ndilo lililohitaji watu wawili kulibeba. Ilikuwa baada ya ule Agosti wa themanini na mbili, wanajeshi walipojaribu kupindua serikali. Chuo kikuu kilikuwa kimefungwa, wanafunzi wakarudishwa makwao, kila mmoja akiripoti kwa chifu kama mtu aliyeiba. Mutindi alikuwa amemaliza mwaka wa pili wa hisabati.

Hakuna aliyejua kama chuo kingefunguliwa tena. Kwa hivyo Kivuva, mwalimu wa shule ya msingi aliyempenda tangu walipokuwa wanafunzi Machakos, alipopeleka mbuzi wa ntheo kwa babake Mutindi kule Mbooni, mzee Mutunga aliwapokea. Mmoja akachinjwa, tukala pamoja. Kwetu Wakamba, mbuzi wa ntheo akishaliwa, msichana ni mke.

Nilimpenda upesi. Alichota maji bila kusukumwa, na alasiri, kazi zikiisha, alikaa kwenye kivuli cha ghala na kuandika hesabu zake. Karatasi zilipomwishia, aliandika kwa kijiti kwenye vumbi, kuku wakazikanyaga. Siku moja nilimuuliza kama hizo namba ni kubwa sana.

"Mama, mwaka mzima sijaona namba kubwa kuliko mbili."

"Kumbe chuo kizima ni moja na mbili? Hata mimi ningeingia."

Alicheka hadi akashika mbavu. Kisha akanieleza kwamba huko hawafanyi sana kuhesabu. Kazi yao ni kuonyesha kwamba jambo ni kweli, hatua kwa hatua, mpaka mbishi akose pa kusimama. Sikuelewa yote, lakini nilipenda jinsi uso wake ulivyokuwa akieleza.

Pale sokoni kulikuwa na duka la Jabiri na mkewe Mishi, watu ambao wazee wao walitoka Pwani. Mishi alipoona shida ya Mutindi, alianza kumpa karatasi za kaki, zile za kufungia sukari. "Chukua, mwanangu. Hizi zimechanika, hazifungi kitu." Kweli kila moja ilikuwa imechanika pembeni. Siku moja nilifika dukani kimya kimya nikamkuta Mishi akizichana mwenyewe, moja moja, ili Mutindi asione haya kuzipokea. Nilirudi nyuma nikakohoa kabla ya kuingia.

Hatimaye redio ikatangaza kwamba chuo kitafunguliwa. Kivuva hakusita.

"Nenda umalize," alisema. "Sikukuoa nikufunge. Mimi nitakungoja. Machakos nilikungoja miaka na hata hukujua."

"Nilijua," Mutindi akasema. "Nilikuwa nakuangalia tu utafika wapi."

Akaenda Mbooni kuchukua barua ya chifu wa kwao, maana ndiko jina lake lilikokuwa limeandikishwa. Angetokea huko moja kwa moja mpaka Nairobi.

Mzee Mutunga aliposikia kwamba sisi wakwe ndio tuliomwachilia mtoto wake arudi masomoni, alifurahi mno. Alikuwa mtu wa kanisa, mkarimu, mwenye haraka. Akachagua mbuzi jike mzuri, mweupe mwenye shingo nyeusi, akampa Muli, mchuuzi wa mifugo aliyekuwa akija soko la Migwani. "Mpelekee mwalimu," alimwambia. "Mwambie ametoka kwangu."

Basi. Hakuongeza neno.

Siku hiyo mimi nilikuwa kwenye mwethya, sisi akina mama tukichimba matuta katika shamba la mwenzetu. Niliporudi na jembe langu nilimwona mbuzi mgeni amefungwa kwenye kigingi nje ya ua, mbali na mbuzi wetu. Kivuva alikuwa ameketi mlangoni, mikono kwenye magoti.

"Mbuzi wa nani huyo?"

"Wa Mutunga."

"Amesema nini?"

"Kwani kuna cha kusema?"

Hapo nami nikakaa chini. Kwetu, mke akimkataa mume, baba yake humpelekea mume mbuzi mmoja. Anaitwa mbuzi wa maleo. Haji na maneno, wala mwenye kumpokea haulizi. Akifika, ndoa imekwisha.

Jirani yetu Kalunde, ambaye ulimi wake haukujua kupumzika, alipita akachungulia. "Eh, mwalimu! Hesabu imekataa kutoshea?" Kisha akauona uso wa Kivuva, akaenda zake. Baadaye alirudi na kibuyu cha uji, akakiweka chini bila kusema kitu. Sijamsahau kwa uji ule.

Mimi sikuamini. Msichana aliyecheka vile hawezi kumkataa mtu kwa mbuzi. Asubuhi nikapanda gari la Kitui, nikaunganisha mengine, na njia ya mwisho ya kupanda kilima nikaenda kwa miguu. Nilimkuta Mutindi amekwisha kufunga sanduku. Nikasema yaliyonileta.

Mzee Mutunga aliruka kutoka kitini. "Maleo? Mama Kivuva, mimi nimeokoka! Mambo ya maleo niliyaacha pamoja na pombe."

"Na ntheo je, Baba Mutindi? Si ulimla?"

"Ile ilikuwa... ile ilikuwa sherehe." Akashika kichwa. "Mungu wangu. Nilikuwa nashukuru tu. Nitakuja mwenyewe nimweleze."

Mutindi alinisogelea. Akaniuliza polepole, "Mama, Kivuva amemfunga wapi huyo mbuzi?"

Sikuweza kumdanganya. "Nje ya ua."

Alilitazama sanduku lake. Baba yake alimsihi apande basi la Nairobi, mambo mengine wazee wangeyanyoosha. Nami nilimsihi. Alitikisa kichwa. "Nikienda sasa, atasema mbuzi alisema kweli, na Baba amekuja kufunika tu." Aliyefundishwa kuonyesha mambo hatua kwa hatua hakuona njia ya kuonyesha hili ila kurudi nami.

Tulipofika Migwani hakumsalimu mtu. Alimfungua yule mbuzi, akamwingiza ndani ya ua, akamfunga katikati ya wenzake. Kivuva alisimama, machozi yakamtoka waziwazi.

"Na chuo?" akauliza.

"Kitaningoja."

Hakikungoja. Siku za kujiandikisha zilipita huku akikaa kwanza, atulize nyumba. Aliambiwa aombe mwaka ujao. Mwaka huo ulipofika, mtoto wao Kaluki alikuwa mgongoni, na baadaye wakasema itabidi aanze upya mwaka wa kwanza. Akafundisha hesabu katika shule yetu ya harambee, na wanafunzi wake walimpenda.

Kivuva alimwambia siku moja, mimi nikichambua maharagwe karibu, "Ungeenda tu. Ungenitumia hata neno moja, ningeamini."

"Ulikuwa umemfunga nje," Mutindi akajibu. Hakulisema kwa hasira. Akaendelea kuosha mtoto.

Mishi hakuacha kumtumia karatasi. Miaka ikaenda, mbuzi yule akazaa na kuzeeka, na kila nilipokwenda dukani nilipewa furushi: "Mpelekee mwanangu, zimechanika." Mutindi alipokea kwa mikono miwili na kutuma salamu za asante.

Juzi nilitaka kumpelekea Mishi mayai, nikatafuta kitu cha kuyafungia. Chini ya kitanda cha Mutindi nikazikuta karatasi hizo, zimepangwa sawasawa mpaka zinagusa chaga, kila moja imechanika pembeni, na hakuna hata moja iliyoandikwa. Nilizirudisha kama zilivyokuwa. Mayai nikayafunga kwenye leso yangu.