Mtutu Ukipoa

Pikipiki iliingia uani bila kupiga honi, na aliyeshuka hakuna aliyemjua. Alikuwa askari wa wanyamapori, sare imechanika begani, bunduki ameibeba mikononi kama mtoto mgonjwa.

“Hodi, Mzee. Wewe ndiye fundi wa bunduki?”

“Karibu. Hiyo ni bunduki au mwiko?” Kitako kilikuwa kimepasuka.

Askari hakucheka. Nyati aliyejeruhiwa alikuwa amejificha kichakani, kando ya kisima. Asubuhi alimuua askari mwenzake, na bunduki ikaangukia mawe. Watu wa bondeni hawakuwa wamechota maji tangu jana. Giza likiingia, wapo watakaojipenyeza na ndoo zao.

Fundi alikikaza kitako kwa waya, akabandika karatasi ya mfuko wa saruji mwisho wa shamba, akapiga goti kama mtu aliye porini, bila meza wala gunia la mchanga. Risasi ikaenda kulia, kiganja kizima. Akagonga taratibu kile kinundu cha kulengea kwenye ncha ya mtutu, kisha akaiegemeza bunduki kivulini.

“Mbona unaacha?”

“Ipoe. Chuma cha moto kinadanganya. Nyati utamkuta mtutu ukiwa baridi, na huenda asikupe nafasi ya risasi ya pili.”

Akaingia ndani. Mkewe alikuwa kitandani mwezi wa pili sasa, amebaki macho na sauti. Fundi akamshika mkono.

“Umekuja kuniona, au unasubiri chuma kipoe?”

“Vyote viwili, mama watoto.”

“Muongo wewe.” Akatabasamu kwa shida. “Ila uliniahidi. Nikiondoka, usiwe uani.”

“Sitakuwa uani.”

Alipotoka kupiga tena, risasi ya pili bado iliegemea kulia. Akagonga tena, akaegemeza, akaingia. Safari hii pumzi ya mkewe ilikuja kwa kusitasita, kama maji ya mwisho ya bomba. Vidole vyake vikamng’ang’ania.

Jua likashuka. Askari akasimama mlangoni.

“Mzee, imepoa. Piga moja tu, tujue imekaa sawa.”

“Siwezi kutoka.”

“Basi nijaribu mwenyewe?”

“Unatetemeka, mwanangu. Risasi yako itatupa habari za mkono wako, si za bunduki. Ngoja kesho.”

“Watu wana kiu. Na mwenzangu bado amelala kule.” Akaichukua bunduki.

Ingekuwa kazi ya mara moja: kutoka, kupiga goti, kurudi. Mkewe akavuta pumzi, akakaa nayo, hakuitoa upesi.

“Msogelee huyo nyati,” fundi akasema bila kuinuka. “Karibu kuliko unavyotaka. Ndipo upige.”

“Haya, Mzee. Pole na mgonjwa.”

Pikipiki ikateremka bondeni. Haikupita muda, mkewe akashusha pumzi ndefu, na baada ya hapo chumba kikanyamaza.

Fundi alikuwa bado ameketi pale mlio mmoja uliposikika bondeni. Zikafuata sauti za watu wengi. Kutoka pale nyumbani juu haikujulikana kama ni vigelegele au kilio. Majirani wakakimbilia barabarani wakisikiliza. Yeye hakutoka. Kwa mkono uliokuwa huru alivuta shuka, akamfunika miguu.