Kilemba cha Edvina

Tangu Maimuna afungue saluni ng'ambo ya barabara pale mtaani Bilele, Edvina hakupata usingizi wa kueleweka. Alisuka huku jicho moja liko kwa mteja, jingine mlangoni kwa Maimuna: nani kaingia, nani katoka amependeza, nani jana alikuwa mteja wake yeye. Wivu ulimkaa kama mwiba wa sato kooni.

Na wivu huo ukamponza. Siku moja alikuwa amempaka Elina, mteja wake wa miaka mingi, dawa ya kulainisha nywele. Mara gari likasimama kwa Maimuna, akashuka bibi harusi na wapambe wake. Edvina akaganda dirishani na chanuo lake mkononi. Elina alipolalamika kwamba kichwa kinawaka moto, dawa ilikuwa imeshakula ngozi. Kidonda kilipona, ila Elina alivuka barabara, na hilo ndilo lililomuuma Edvina zaidi.

Baada ya hapo nywele zake mwenyewe zikaanza kunyonyoka. Akichana, chanuo linajaa. Nyuma ya sikio pakabaki peupe kabisa. Alipokwenda zahanati, muuguzi alimwambia hana ugonjwa wa ngozi, ana mawazo mengi, apumzike na atafute mtu wa kuzungumza naye. Edvina aliitikia kwa heshima, akatoka amenuna. Azungumze na nani? Na msusi mwenye upara, nani atampa kichwa chake? Akaanza kufunga vilemba, leo chekundu, kesho cha kitenge, na mjini hakuna aliyejua.

Jumatatu moja alifunga saluni, akaenda Muleba kwa Oliva, msusi asiye na maneno mengi, aliyesifika kwa kurudisha nywele zilizokatika. Alipoingia, alimkuta Maimuna kitini, kichwa wazi kinang'aa mafuta. Utosini palikuwa na upara wa ukubwa wa kitumbua.

Edvina alifurahi. Tusimsingizie wema, alifurahi mpaka mashavu yakamcheza. Mkubwa kuliko wangu, aliwaza.

"Karibu, waitu, mpendwa," Oliva alisema. "Fungua kilemba nione."

Mkono ukagoma. Siri ya Maimuna alikuwa ameshaiona, yake bado imefungwa. Angeweza kugeuka sasa hivi, na kufika kesho Bilele nzima ingekuwa inamcheka mwenzake.

"Nimepita kusalimia tu," alisema.

Maimuna alimtazama kupitia kioo. "Dada Edvina, hicho kilemba chako kimenitesa. Kila asubuhi nakuona dirishani umekifunga vizuri, umetulia, unatazama kwangu kama mwenye mji. Nasema, huyu hana hata habari na mimi. Wateja wangu wananiuliza mbona sijui kufunga kama wewe. Silali, dada yangu."

Edvina alisimama pale akiyasikiliza maneno hayo. Alionewa wivu, yeye. Raha hiyo ilikuwa tamu mno, na alitamani ibaki hivyo hata kwa dakika moja zaidi. Angeondoka sasa, angeondoka nayo yote.

Akaangalia tena ule utosi. Kisha akapeleka mikono kisogoni, akafungua fundo.

Maimuna alimtazama kichwa. Akaondoa taulo lake kwenye kiti cha pili.

"Kaa," alisema. "Tukimaliza, utanifundisha kukifunga."