Jehanamu Mezani kwa Watawa

Katika nyumba ya watawa iliyo juu ya mashamba ya mizeituni, nje kidogo ya mji wa Spoleto, hakuna aliyekula dengu zake bila kushushwa jehanamu kwanza. Mezani watu walikaa kimya. Aliyetaka chumvi aliiomba kwa vidole, aliyetaka mkate alichora duara hewani, na sauti moja tu iliruhusiwa, ya msomaji aliyesimama kwenye kimimbari ukutani huku tumbo likimnguruma, maana yeye hula baada ya wenzake kumaliza.

Msomaji alikuwa Ghisola, binti wa mfanyabiashara wa sufu, umri miaka kumi na mitano. Baba yake alimleta pale afundishwe kusoma na kunyenyekea. Kusoma alijifunza upesi.

Kitabu chenyewe kiliitwa Njozi ya Tebaldo Msaga Unga. Huyo Tebaldo, mwenye kinu cha maji na mizani ya uongo, aliteleza akafa kwenye mfereji wake mwenyewe, na kabla hajazikwa malaika akamtembeza kuzimu ili arudi kusimulia. Aliwaona walafi wakilishwa vyura wazima. Aliwaona wasengenyaji wenye ndimi ndefu hivi kwamba wakitembea wanajikanyaga. Kila dhambi ilikuwa na adhabu iliyoshonwa kwa kipimo chake kama kanzu. Wasichana walitetemeka, kisha wakaomba kwa vidole waongezewe supu. Sista Pacifica, ambaye tangu Pasaka alikuwa mgonjwa wa kufa, aliteremka ngazi kila siku kwa miguu yake ili asipitwe na neno.

Kabla ya hapo walikuwa wakisomewa Kitabu cha Subira, na watu walisinzia hata pua zikachovya kwenye mchuzi.

Siku moja Mama Mkuu Imiglia alimsimamisha Ghisola bustanini, ambako mazungumzo yaliruhusiwa.

“Padre Accorso anafika leo kutoka kwa askofu. Amesikia kwamba wanangu wanaifurahia jehanamu.”

“Wanaiogopa, Mama.”

“Jana Vanna alipiga makofi.”

“Alikuwa anaua nzi, Mama.”

“Nzi gani huyo wa kushangiliwa?” Mama Mkuu alishusha pumzi. “Sikiliza, mwanangu. Padre akiona ni mchezo, Tebaldo anarudi sandukuni na Kitabu cha Subira kinarudi mezani. Juzuu zote. Kwa hiyo leo usome kama mtu mwenye adabu. Usinitolee sauti za mashetani.”

Ghisola aliinamisha kichwa kwa heshima kubwa, akakimbia kumtafuta Vanna, rafiki yake wa kitanda cha pili.

“Shoga, tumekwisha,” alisema Vanna. “Subira tena? Mimi bora nilishwe vyura.”

“Hatujakwisha. Padre anadhani jehanamu ya Tebaldo haimtishi mtu. Basi mtu atishike mbele ya macho yake. Leo asikie kitabu, kesho asubuhi kwenye kikao cha makosa amwone mtu anapiga magoti na kuungama. Atakichukua vipi kitabu kinachoungamisha watu?”

“Nani aungame?”

“Panya.”

Panya ndilo jina walilompa Sista Berarda, mtunza ghala, wakihakikisha kwanza kwamba hayupo. Jibini la kondoo liliingia ghalani zima zima, likafika mezani maganda matupu. Ufunguo ulikuwa mmoja na ulining'inia kiunoni mwake. Kwa Ghisola, kesi ilikuwa imekwisha.

Jioni ile Padre Accorso aliketi karibu na Mama Mkuu, mtu mrefu, mwenye ndevu za kijivu na uso wa kuonja siki. Ghisola alipanda kimimbarini akasoma walafi kwa adabu, akasoma vyura kwa adabu zaidi. Kisha, macho yakiwa bado kwenye ukurasa na sauti bila kutetereka hata kidogo, akaendelea na mambo ambayo Tebaldo hakuyaona kamwe:

“Kisha nikaona mwanamke mtawa, ameshika ufunguo uwakao moto. Kila afunguapo mlango hukuta jibini, na kila aliumapo, jibini hulia kwa sauti yake mwenyewe: Nani ananiuma gizani? Nami nikamuuliza malaika, Huyu ni nani? Akaniambia, Ni yule aliyekula cha wenzake, akafuta mdomo, akaenda kuimba zaburi.”

Vijiko vilisimama. Ghisola alitupa jicho. Sista Berarda alikuwa anatafuna mkate wake kwa utulivu wa ng'ombe.

Asubuhi walikusanyika kwenye kikao cha makosa. Desturi yao ni kwamba kila mtawa hupiga magoti katikati ya chumba na kujishtaki mwenyewe mbele ya wote, na wanafunzi hukaa ukutani wajifunze. Sista Berarda alitangulia. Ghisola alifinya mkono wa Vanna.

“Ninajishtaki,” alisema Sista Berarda, “nilisinzia kwenye sala ya alfajiri.”

Akainuka, akaenda kukaa.

“Mwone alivyo mkavu!” alinong'ona Vanna.

Ndipo Sista Pacifica akasogea na fimbo yake. “Ninajishtaki. Jibini. Kipande kidogo tu. Mgonjwa huwa na hamu.”

“Na mimi,” alisema Sista Tessa, kiongozi wa waimbaji, akianguka kando yake. “Vyangu vilikuwa vikubwa.”

Baada ya hapo ikawa foleni. Mmoja alilia kwamba jana usiku kucha alisikia jibini likimwita kwa jina la ubatizo. Mwingine alitoa kipande mfukoni akakiweka sakafuni kama anayesalimisha silaha. Mwisho kabisa Mama Mkuu mwenyewe alishuka kwenye kiti chake, polepole, akapiga magoti.

“Lile lililofungwa kwa majani ya mzabibu,” alisema. “La askofu.”

Padre Accorso alimgeukia mtunza ghala. “Wewe ulijua?”

“Nilijua, Padre. Usiku ufunguo nikiutundika jikoni, kila mtu anaupitia. Mimi jibini silili, linanivuruga tumbo. Nilikuwa nayakata maganda kwa ustadi yaonekane mengi.”

“Na hukusema?”

“Walikuwa na njaa. Nikaona heri waninung'unikie mimi kuliko waoneane aibu wao kwa wao.”

Ghisola aliacha kumfinya Vanna. Alihisi joto likimpanda masikioni.

“Nileteeni kitabu,” alisema Padre. Alikipekua, akarudi nyuma, akapekua tena. “Huyu mwanamke wa ufunguo yuko ukurasa gani?”

Ghisola alisimama. “Hayupo, Padre. Nilimtunga.”

“Toba!” alisema Mama Mkuu, ambaye bado alikuwa amepiga magoti.

“Umemsingizia marehemu Tebaldo?”

“Ndiyo, Padre. Na nimemsingizia Sista Berarda, na hilo ndilo linaloniuma. Tebaldo hanijui.” Akapiga hatua mbele. “Lakini Padre, adhabu nipe mimi, usikipe kitabu. Kitabu cha Subira kimesomwa humu miaka na miaka. Nani aliwahi kupiga magoti kwa sababu yake?”

“Mimi,” alisema Sista Pacifica. “Nikimwomba Mungu kiishe.”

Padre hakucheka, ila ndevu zilitikisika. “Vizuri. Mchana huu utatusomea adhabu ya msichana anayewatungia wenzake jehanamu. Utaisoma kutoka kichwani. Nikisikia mzaha, kitabu nakibeba mwenyewe leo hii.”

Mchana Ghisola alipanda kimimbarini mikono mitupu.

“Nikafika chumba cha chini kabisa,” alianza, kwa sauti ya kutosha kuhubiria kanisa kuu, “nikaona msichana kwenye mimbari, anasoma. Chini yake watu wanakula mwanakondoo kwa vitunguu saumu, na harufu inampanda. Kila akigeuza ukurasa, ni ukurasa wa kwanza wa Subira. Kila akiinua macho, wote wamelala.”

Mabega ya Vanna yalitikisika. Ghisola angeweza kuishia hapo, naye alikuwa amepanga kuishia hapo. Lakini Sista Berarda alikuwa ameketi mbele yake, anamtazama bila kinyongo, na maneno yakaendelea yenyewe.

“Na mbele yake yuko mtawa aliyebeba lawama za nyumba nzima. Msichana alimtafutia dhambi, akakosa, akampa ya wengine. Sasa anataka kumwomba radhi, na hawezi, kwa kuwa midomo yake inajua kusoma tu.” Chozi lilimdondoka. “Nami nikamuuliza malaika, Atakaa humu hata lini? Akaniambia, Muulize mtunza ghala.”

Sista Berarda aliinua mkono, si kwa ishara yoyote ya mezani, akampungia kama mama anavyomwita mtoto ashuke kwenye mti.

Ndipo Padre Accorso, aliyetumwa na askofu kulinda sheria, akaivunja.

“Na mapadre?” aliuliza. “Tebaldo hakuona padre hata mmoja?”

“Amewaona, Padre. Wako kurasa za mbele.”

“Wengi?”

“Wamejaa hadi mlangoni.”

“Wanafanywa nini?”

Ghisola alikausha uso kwa mkono wa kanzu, akasimama wima.

“Tutawafikia kesho, Padre.”

Padre alitazama dirishani, ambako nyumbu wake alikuwa tayari ametandikwa kwa safari ya kurudi Spoleto. Alifikiri kidogo. Kisha akamwinamia Mama Mkuu akamwomba atume mtu amfungue mnyama matandiko.