Jozi ya Nne ya Taa

Mtu akienda kwa fundi mara moja, ana shida. Akienda mara mbili, fundi ndiye mwenye shida. Lakini mtu aliyekwenda kwa fundi yuleyule mara nne ndani ya wiki tatu, kila mara na boksi jipya la taa kwapani, huyo ana jambo lake, na mpima ardhi mstaafu alilijua jambo lake vizuri kuliko alivyotaka.

Alifika saa sita mchana, shati limemganda mgongoni. Mkewe alishuka kwenye kiti cha nyuma cha pikipiki, akavua helmeti taratibu, akaenda kukaa juu ya kreti la betri mbovu karibu na mlango. Hakungoja kukaribishwa. Kreti lile alikwisha kulizoea, na pengine nalo lilikwisha kumzoea.

“Karibu tena, mzee,” alisema fundi umeme, mwanamke mfupi mwenye bisibisi sikioni, ambaye mtaa mzima walimwita Fyuzi kwa kuwa hakukawia kuungua. “Shikamoo, mama. Na hizi nazo vipi?”

“Hizi ndizo zenyewe,” alijibu mpima.

“Hata zile za juzi zilikuwa ndizo zenyewe.”

Mpima aliliweka boksi juu ya meza ya kazi. Alikuwa amechoka. Alichoka kwa maboksi yaliyojaa juu ya meza ya chakula hadi mkewe akawa anapakulia mapajani. Alichoka kusoma mambo ya wati na lumeni akiwa ameisogeza simu hadi puani. Zaidi ya yote alichoka kwa kujidanganya, maana kujidanganya ni kazi isiyo na likizo.

Taa zilikuwa za safari ya siku nne, na walipaswa kuondoka Jumamosi saa kumi na nusu alfajiri kabla malori hayajaijaza barabara. Binti yao wa kwanza alikuwa amejifungua mtoto wa kiume, mjukuu wao wa kwanza, mbali huko ng'ambo ya milima ambako ukungu hauinuki hadi saa nne asubuhi. Mpima aliapa kwenye simu, binti akisikia na mkwe akisikia, kwamba babu atafika kwa pikipiki yake mwenyewe. Pikipiki ilikuwa ya kuiweza ahadi ya namna hiyo: kubwa, nzito, masanduku matatu ya bati nyuma, kioo cha kukinga upepo mbele. Aliinunua wiki ile aliyostaafu, na tangu hapo walikuwa wamezunguka nayo kila mahali penye njia na mahali kadhaa pasipo na njia.

Shida ilianza mwaka uliopita. Jioni moja, jua likiwa limezama tu, mkokoteni uliojaa kuni ulisimama katikati ya barabara, nao mpima hakuuona kabisa. Mkewe alimpiga begani kwa nguvu, akapinda, wakapita kwa upana wa kiganja. Walisimama mbele kidogo. Mpima akashuka, akaitazama taa yake, akaipiga kofi na kusema, “Taa hii imezeeka.” Mkewe akasema labda waende kwa daktari wa macho. Mpima akasema watanunua taa.

Wahenga walisema mficha maradhi kilio humuumbua, lakini wahenga hawakuwa na maduka ya taa za LED. Siku hizi mtu anaweza kuficha maradhi kwa miezi na bado akaonekana ni mtu makini anayejali usalama.

Jozi ya kwanza ilikuwa ndogo, yenye mwanga mpana unaofagia kingo zote mbili za barabara. Mpima akasema mwanga ule ni uji usio na sukari. Jozi ya pili ilikuwa na mwanga mwembamba unaokwenda mbali. Akasema unakwenda mbali lakini haurudi na habari. Jozi ya tatu ilikuwa na vifuniko vya manjano kwa ajili ya ukungu, akaijaribu barabarani alfajiri moja na kurudi amenuna, jasho limemtoka kama aliyekuwa analima. Sasa alikuja na jozi ya nne, kila taa ina ukubwa wa sahani ya chai.

Fundi alizigeuzageuza mkononi.

“Mzee, nisikilize. Hizi zitaila chaji yote. Ukiwasha hizi, ukakwama kwenye foleni nusu saa, pikipiki haiwaki tena. Halafu mwanga wake ni mkali mno. Anayekuja mbele yako ataona jua. Akishaona jua haoni barabara, na asipoiona barabara anakuja kwako.”

“Utazishusha zitazame chini.”

“Nitazishusha. Lakini taa ya kutazama chini ulikuwa nayo tangu mwanzo.”

“Fundi, funga taa.”

Mkewe alipiga chafya pale kwenye kreti, akajifuta pua.

Fundi akafunga. Kazi yake ilikuwa safi, hilo hata wabaya wake walikubali. Alitoa jozi ya tatu, akapitisha waya mpya chini ya tangi, akafunga relei ya kupunguzia swichi mzigo, akaweka fyuzi yake mahali ambapo mkono unafika bila kufungua kiti. Mpima alisimama pembeni akimpa bolti, na mara mbili alimpa isiyo yenyewe. Fundi aliiweka kando, akaokota iliyo sawa mwenyewe.

Kisha wakaisukuma pikipiki hadi stoo ya nyuma. Hapo ndipo Fyuzi alipopatia heshima yake, kwa sababu hakuna fundi mwingine pale mtaani aliyepima taa kwa uangalifu kama yeye. Stoo haikuwa na dirisha. Mlango wa bati ukifungwa, hata saa sita mchana giza lilikuwa giza kweli. Pikipiki iliwekwa hatua kumi kutoka ukutani, na ukutani ulikuwepo mstari wa chaki uliochorwa kwa urefu wa taa. Mwanga ukikaa chini ya mstari, sawa. Ukipita juu, unapofua watu. Fundi mwenyewe huchuchumaa mbele na spana, lakini hasemi kitu. Mwenye pikipiki ndiye anayekaa kitini na kutamka mwanga umekaa wapi, kwa sababu zamani mteja mmoja alimrudia akilalamika kwamba taa zilipimwa kwa macho ya fundi na si ya dereva. Tangu siku hiyo Fyuzi aliweka sheria: asiyetamka haondoki.

Mpima alikuwa ametamka mara tatu katika stoo ile. Mstari ule aliujua. Aliujua ulipoanzia, karibu na bomba, na ulipoishia, kwenye msumari. Mara ya kwanza aliuona kwa shida. Mara ya pili alipita karibu na ukuta akijifanya ananyoosha miguu, akaupapasa kwa kidole. Mara ya tatu alitamka kwa kumbukumbu tu, na fundi alikubali.

Akapanda. Mlango ukafungwa. Alimsikia mkewe akiingia na kusimama mahali fulani nyuma yake, na harufu ya rangi ikamjia puani, ila stoo za mafundi hazikosi harufu.

Fundi aliwasha swichi kujaribu waya tu. Ukuta mzima ukawaka. Kwa mpima lilikuwa wingu jeupe, limetanda, halina kingo wala katikati, na hizi ndizo zilizokuwa kubwa kuliko zote na baada ya hizi hapakuwa na nyingine. Kama angesubiri aulizwe, angepata hata nafasi ya kufikiri. Hakusubiri. Mwongo huwa na haraka.

“Hapo hapo!” alisema. “Usiguse tena. Imekaa vidole viwili chini ya mstari.”



“Chini ya mstari?” fundi aliuliza.

“Vidole viwili. Mwanangu, mimi nimepima mistari miaka thelathini na moja. Huo uko vidole viwili.”

Fundi aliinuka polepole, magoti yakalia. Alipozungumza, sauti yake haikuwa ile ya kuungua. Ilikuwa ya chini, na hilo lilimuumiza mpima zaidi.

“Mzee, nilipaka ukuta rangi Jumatatu. Mstari bado sijauchora. Chaki ninayo mfukoni.”

Mpima aliendelea kutazama mbele. Alikaza macho yake yote mawili ukutani, akiutafuta mstari ambao hata wenye macho wasingeuona, na kwa mara ya kwanza tangu jioni ile ya mkokoteni hakuilaumu taa. Aliona aibu, aibu ya mtu mzima aliyekamatwa akinakili mtihani.

“Fungua mlango, mwanangu,” alisema mkewe.

Mwanga wa mchana ukaingia. Mke alikuja mbele, akasimama karibu na usukani, helmeti zote mbili mikononi.

“Unadhani ule mkono wangu begani ni mapenzi?” aliuliza. “Mapenzi yapo. Lakini nikikugusa mara moja ni shimo kushoto, mara mbili ni shimo kulia. Mwaka mzima sasa. Umezoea hadi hujui kama unaongozwa.”

“Mbona hukusema?”

“Nilisema twende kwa daktari. Ukasema tununue taa.” Akavuta pumzi. “Nimechoka, baba watoto. Nimechoka kuona kwa niaba ya watu wawili. Tukifika mahali wewe unanyoosha mgongo na kusifu barabara, mimi bado nahesabu mashimo hadi nalala. Ukungu wa kule milimani siuwezi. Sitakuwa na cha kukugusia.”

Mpima alishusha kichwa. Alitaka kukasirika, maana hasira ingemsaidia, lakini alipoitafuta hakuipata. Alichokipata ni uchovu tu, na chini ya uchovu, kitu kilichofanana sana na nafuu.

“Basi hatuendi,” alisema. “Nitampigia mtoto. Nitamwambia pikipiki imeharibika.”

“Imeharibika nini? Ipo hapo, imefungwa taa za uwanja wa mpira. Nani kasema hatuendi?”

“Ataiendesha nani?”

Mkewe alimtazama tu. Fundi akajishughulisha ghafla na kufuta spana ambayo haikuwa na uchafu. Mpima alilijua jibu, tena alilijua tangu zamani. Mwanamke huyu alikuwa afisa mifugo kwa miaka ishirini na miwili. Alizunguka maboma ya wafugaji kwa pikipiki ya serikali na sanduku la chanjo mgongoni, akavuka mito iliyokauka na isiyokauka, na hakuwahi kuanguka ila mara moja, tena kosa likiwa la punda. Lakini hii kubwa ilikuwa ya mume. Hakuwahi kumpa ufunguo, na yeye hakuwahi kuuomba.

“Hii ni nzito,” alisema mpima kwa unyonge.

“Fahali ni mzito zaidi, na nilikuwa namshika pua.”

Fundi alicheka, akajiziba mdomo. Hata mpima alikaribia kucheka.

“Na jicho lako,” mkewe aliendelea, sasa kwa upole, “lina ukungu ambao nimeuona kwa ng'ombe mara nyingi sana. Kwa ng'ombe hatufanyi kitu. Kwa binadamu wanatoa. Kule kwa mtoto kuna hospitali ya macho. Utamwona mjukuu kidogo ukifika, kisha utamwona vizuri. Shuka, baba.”

Akashuka. Ilimchukua muda, kwa sababu mguu mmoja ulikufa ganzi, au alitaka uwe umekufa ganzi.

Fundi alimgeukia mke. Hakuna aliyewahi kumwuliza kitu mama huyu katika ziara zote nne. “Mama, wewe unataka taa zipi?”

“Zile za kwanza, ndogo. Hatari haitoki mbele, mwanangu. Inatoka kando, kwenye majani. Na madereva wanaokuja mbele yetu nao wana kwao.”

Mpima alikuwa na jozi ile ndani ya sanduku la nyuma, ameibeba aje kuirudisha dukani. Akaitoa mwenyewe, akampa fundi. Kazi ikachukua saa nzima. Zile sahani za chai zikarudi kwenye boksi lao. Kisha fundi akatoa chaki, akapima kwa futi kamba, akachora mstari mpya juu ya rangi mpya, kutoka kwenye bomba hadi kwenye msumari.

Mke alipanda mbele. Alirekebisha vioo, akakanyaga breki, akaukamata usukani kwa mikono miwili bila papara. Mpima alibaki amesimama pembeni, mikono haijui pa kwenda.

“Mzee, na wewe panda,” fundi alisema. “Uzito wa nyuma ukiongezeka pua inainuka na mwanga unapanda. Siwezi kupima bila wewe.”

Akapanda nyuma. Katika miaka yote ya pikipiki hii hakuwahi kukaa pale, na alishangaa jinsi kiti kilivyokuwa chembamba. Mlango ukafungwa, swichi ikawashwa. Mwanga mpana ukatandaa ukutani.

“Uko chini ya mstari,” mkewe alitamka. “Vidole vitatu.”

Fundi hakusogeza spana. Alikuwa anachungulia springi za nyuma.

“Mzee, bado hujakaa.”

“Nimekaa.”

“Hujakaa. Springi haijashuka. Umejiinua na miguu.”

Ilikuwa kweli. Mapaja yalikuwa yakimtetemeka, visigino vimekandamiza vikanyagio, makalio yamegusa kiti tu kama mgeni asiyetaka kupewa chai. Hakujua tangu lini. Mkewe hakugeuka wala hakumhimiza. Alingoja, ameishikilia pikipiki wima kwa ajili ya wote wawili.

Mpima akaachia miguu, akakaa na uzito wake wote.

“Mwanga umepanda,” alisema mkewe. “Shusha kidogo, mwanangu.”