Pafyumu ya Kukamulia

Dorah, rafiki yangu anayeuza pafyumu Bunda mjini, anaongeaga kama daktari wa pua. Nilipomwambia Jumamosi naenda Butiama kujitambulisha kwa mama wa mchumba wangu Samwel, akapanga chupa mbili mezani, zote za maua meupe na miski. Ya kwanza nyepesi, akasema, inanukia kama shuka iliyoanikwa juani. Hiyo ni ya asubuhi, ya kanisani na ofisini. Ya pili nzito, asumini tupu, miski yake inakaa kwenye nguo mpaka kesho. Hiyo ni ya jioni, ya harusini, na ole wako uivae juani. Nikamuuliza muuza dagaa anayekwenda ukweni avae ipi. Akafikiri weee, akasema nivae zote. Mtaalamu wangu huyo.

Maana mimi nauza dagaa soko la Mwigobero, mwaka wa tisa huu. Samwel alinipendea hapohapo sokoni, lakini kwa mama yake alisema nafanya kazi ofisini. Kwangu aliomba kitu kimoja tu, nisinuke. Nilikuwa nampenda, nikakubali kama mjinga, Jumamosi nikajipulizia chupa zote mbili.

Mama Samwel alinipokea vizuri, akapiga chafya mara tatu, akanipa kibuyu nikakamue. Pale kwake mchumba haonjeshwi hata soda kabla hajashika chuchu ya ng'ombe. Kukamua najua, nimelelewa na bibi mfugaji. Ng'ombe ndiye hakunielewa. Alininusa, akatoa macho, akabana maziwa yote, kisha akapiga teke kibuyu kikabiringika hadi kwenye samadi. Samwel alikuwa pembeni anainua simu juu, eti anatafuta mtandao.

Mama hakucheka. Aliniambia ninawe mikono, akavua kitenge chake kinachonuka moshi na maziwa, akanifunga nacho mwenyewe. Ng'ombe akanusa, akatulia, maziwa yakashuka.

"Ng'ombe tumemdanganya kwa nguo yangu," mama akasema. "Na mimi ulikuja kunidanganya nini?"

Hasira zilinipanda, na aibu juu yake. "Mama, mimi siko ofisini. Nauza dagaa Mwigobero. Mwanao ndiye anaona aibu nikinuka."

Samwel akaanza kujiumauma, mara ulikuwa utani, mara alikuwa anasubiri siku nzuri ya kusema. Mama akamwacha amalize. Halafu, taratibu, akamkumbusha kwamba ada yake ya chuo ilitoka zizini humu, na kwamba siku ya mahafali alimkalisha mama yake mstari wa mwisho kabisa, mbali na wenzake. Sababu mama aliijua siku ileile, harufu ya zizi.

Mama akanigeukia. "Wewe mwanangu uje tena, hata bila huyu. Huyu simwozeshi mpaka akumbuke amezaliwa na nani."

Akamimina maziwa kwenye vikombe viwili, chake na changu.