Kivuli cha Fundi Cherehani

Mhudumu wa chumba cha maiti alikuwa amemaliza kupiga deki. Alimwambia mpelelezi aingie taratibu asije akateleza. Mezani alilala fundi cherehani, mama wa makamo, uzi mweupe bado umemganda kwenye mkono wa blauzi. Alikuwa amenyongwa kwa utepe wake mwenyewe wa kupimia.

"Hakuja na kivuli," mhudumu alisema. Akauinua mkono wa marehemu chini ya taa. Ukutani kikatokea kivuli cha mkono wa mhudumu tu.

"Kimebaki wapi?"

"Mtu akifa na neno mdomoni, kivuli chake humng'ang'ania aliyemnyamazisha. Ukikiona, dada, tuletee. Ndugu zake wanataka kumzika akiwa kamili."

Mpelelezi alimfahamu marehemu. Siku chache kabla, mama huyo alimfuata nyumbani, akakaa ukingoni mwa kiti bila hata kugusa maji aliyopewa. Kupitia dirisha la duka lake alikuwa ameona mahabusu akipigwa uani mwa kituo cha polisi mpaka akakata roho. Mpigaji alimpa mgongo, hakumtambua, lakini alikuwa tayari kusimama mbele ya hakimu aseme aliyoyaona. "Mwanangu, nakwambia wewe kwa sababu sina mwingine."

Mpelelezi aliahidi kuitunza siri, na aliitunza, isipokuwa kwa mtu mmoja. Baba yake mdogo ndiye aliyemlea tangu baba mzazi afariki, ndiye aliyemtia kazini, na sasa ndiye mkuu wake. Kumficha yeye jambo kungekuwa sawa na kujificha mwenyewe.

Mchana kutwa alipita mtaani akitazama miguu ya watu. Muuza mkaa, kinyozi, mwenye nyumba, kila mmoja alitoka juani akaonyesha kivuli chake kimoja. Kinyozi aliomba radhi kuwa chake kimekonda, alikuwa ametoka kuugua.

Alasiri alirudi kituoni kutoa taarifa. Baba mdogo alisimama dirishani akikoroga chai. Jua lilimpiga ubavuni na kulaza vivuli viwili sakafuni: kimoja kipana, cha kwake, kingine kifupi, kimeinama kama mtu anayetunga uzi kwenye sindano.

"Funga mlango, mwanangu."

Akaufunga.

"Yule mahabusu pia ni wewe uliyemuua?"

"Hasira zilinizidi. Kazi yetu unaijua."

"Baba, nilikwambia wewe tu."

"Ndiyo. Na kesi nikakupa wewe. Mwingine angenichimba. Damu nzito kuliko maji." Akamsogezea kikombe. "Kunywa, hujala tangu asubuhi."

Alijua hata kwamba mpelelezi hajala. Hilo ndilo lililomuuma kuliko yote.

Hakukinywa. Alikwenda ghorofani kwa bosi wao mkubwa, akaeleza kila kitu. Bosi aliteremka, akakiruka kile kivuli kifupi kwa adabu asikikanyage, akakitazama vizuri.

"Ni cha marehemu, sikatai," alisema. "Lakini kivuli hakili kiapo."

"Na aliyoniambia kwa mdomo wake?"

"Hayo alimwambia mwanawe. Hayakuambiwa serikali."

Kesi ikafungwa. Mama yake mpelelezi alipopata habari aliendelea kupepeta mchele, kisha akasema, "Mkono uliokulisha ndio unaotaka kuutia pingu?" Hakungoja jibu.

Fundi cherehani alizikwa bila kivuli. Ndugu zake walichagua siku ya mawingu, ili asionekane tofauti na waliomsindikiza.

Baba mdogo alipandishwa cheo. Kwenye korido watu walizoea kumpisha, kisha kungoja kidogo kivuli cha pili nacho kipite. Nyumbani kwake mkewe alilalamika tu kwamba kinakaa karibu mno na mashine yake ya kushonea.

Jumapili moja baba mdogo alikuja kumsalimia shemeji yake, mama wa mpelelezi. Mpelelezi alikuwa uani akianika nguo. Vile vivuli viwili vilimfikia miguuni kabla ya mwenyewe. Mpelelezi aliinama mbele ya kile kifupi.

"Shikamoo, mama," alisema.

"Marahaba, mwanangu," baba mdogo akaitikia, akapita kuingia ndani.